Kitukuu wa Mshtakiwa

Asubuhi hiyo karani wa mahakama alifika mapema kwa sababu ya bati. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na bati la chumba cha pili lilivuja palepale linapovuja kila mwaka, juu ya kiti cha wakili wa utetezi. Alitega ndoo, akasogeza kiti, akafuta meza ya hakimu kwa kitambaa ambacho zamani kilikuwa shati lake, kisha akatoka barazani kuona nani amekuja. Walikuwepo wenye kesi za kuku, wenye kesi za mipaka ya viwanja, na mashemeji wawili waliotoana meno kwa sababu ya redio. Mwendesha mashtaka alikuwepo pia, amesimama pembeni, anakung'uta maji kwenye joho lake.

Mwendesha mashtaka huyu walimwita Mama Shaka, na jina hilo alipewa na mawakili kwa kumtania. Waendesha mashtaka wengine huikimbia shaka. Wanajua kwamba ikibaki hata kidogo tu, mshtakiwa anaondoka zake. Huyu mwanamke ndiye pekee katika mji ule aliyeingia mahakamani akiikumbatia.

Kesi yake ilimhusu meneja wa kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Kiwanda kilizika mabaki yake kwenye shimo kule mlimani, juu kidogo ya chemchemi zinazoupa mji maji. Ndani ya shimo walitandika turubai nene. Wataalamu wa kiwanda walisema turubai litadumu, wa serikali wakasema huenda lisidumu. Maji yalipimwa, hayakukutwa na kitu. Hakuna aliyeugua. Katika mambo ya jinai, mwenye akili zake akifika hapo hufunga faili na kwenda kunywa chai.

Mama Shaka hakufunga. Aliibua kifungu ambacho hakuna aliyewahi kukitumia tangu kitungwe, kinachosema kwamba ni kosa la jinai kuacha kuchukua tahadhari pale penye shaka ya kuwadhuru watu watakaozaliwa baadaye. Wenzake walicheka hadi wakashika mbavu. Hata hivyo alipanda mlima ule kwa miguu mpaka viatu vikaachama, akapiga magoti kwenye ukingo wa shimo, akalifinya turubai kwa vidole vyake. Tangu siku hiyo hakusikia la mtu. Ujasiri wake ulikuwa wa kimyakimya, usio na mbwembwe, na hata waliomcheka walimwonea fahari ingawa hawakusema.

Tatizo lilikuwa mlalamikaji. Hati ya mashtaka haikamiliki bila mlalamikaji, naye Mama Shaka, kwa kukosa mwingine, aliandika: vitukuu wa wakazi wa mji huu. Wakili wa utetezi alipoisoma hakuweka hata pingamizi. Alijua utaratibu wa mahakama ile. Karani husimama mlangoni na kumwita mlalamikaji mara tatu. Asipoitika, kesi hufutwa na watu huenda nyumbani. Kwa hiyo kesi ilipotajwa, wakili alikuwa tayari amefunga mkoba wake na kuupakata mapajani.

Karani akasimama mlangoni, akaita. Mwenye kuku akageuka kuangalia, basi. Akaita mara ya pili, akapiga miayo. Akaita mara ya tatu.

"Tupo," sauti ikajibu kutoka getini. "Tulisimama kidogo bombani."

Aliyetangulia alikuwa mwanamke mzee sana, mgongo umepinda, mkongojo kwapani. Nyuma yake walifuata wazee wengine, wake kwa waume, wenye mvi na makunyanzi, midomo yao bado imelowa maji. Vitukuu nao huzeeka kama watu wengine. Waliokuja walikuwa wale wenye nafasi, maana wenye nguvu zao walikuwa kazini huko kwao. Karani aliwaonyesha benchi la barazani, akamwambia aliyetangulia aingie kwanza kwa kuwa ndani hapatoshi.

Bibi yule alipoingia alikunja goti kadiri lilivyokubali. "Shikamooni," akasema.

"Marahaba," karani akaitika, kwa sababu mdomo wake umezoea.

Mama Shaka aliona haya. Alikuwa binti aliyefunzwa nyumbani, na kuamkiwa na mtu wa makamo ya bibi yake kulimchoma. Akamsogelea. "Shikamoo, bibi."

"Hapana, bibi. Mimi ndiye nakuamkia wewe."

"Haiwezekani, bibi. Shikamoo."

"Siitiki mimi. Mama yangu akisikia nimeitikia marahaba kwa bibi wa bibi zetu, nitamwambia nini?"

Wakabaki wanatazamana. Hakimu, kijana aliyefuga ndevu ili aonekane mkubwa, aliona kwamba kesi haiwezi kuanza salamu zikiwa zinaning'inia. Aligonga meza. Akauliza kama kuna mwenye hoja. Wakili wa utetezi, ambaye sasa alikuwa amefungua tena mkoba, alisema kwa upole kwamba shikamoo hutolewa na aliyezaliwa nyuma kumpa aliyezaliwa mbele, na mvi hazihusiki. Shahidi bado hajazaliwa kabisa. Kwa hiyo yeye ndiye wa kuamkia.

"Upande wa mashtaka mna pingamizi?" hakimu akauliza.

Mama Shaka alimtazama bibi yule aliyesimama kwa shida, magoti yanatetemeka kwa kusubiri. Alitaka tu apewe kiti. "Sina pingamizi, Mheshimiwa."

"Basi mahakama imeamua. Shahidi hajazaliwa, na anawaamkia waliomo humu. Andika, karani."

Karani akaandika. Kitukuu, kwa maana ndivyo alivyokuwa na ndivyo walivyomwita kuanzia hapo, akawaamkia wote mmojammoja, hakimu, wakili, karani kwa mara ya pili, hadi mashemeji wa redio. Mwisho akafika kwenye kizimba. Meneja wa kiwanda alikuwa mtu mwenye tumbo la wastani na miwani ya kusomea, shati limepigwa pasi vizuri.

"Shikamoo, babu," kitukuu akasema. "Mimi ni wa kwako. Baba yangu ni mjukuu wako."

Meneja alivua miwani. Alimwangalia masikio, yaliyochomoza mbele kidogo kama ya mama yake mzazi. "Marahaba, mjukuu wangu," akasema. "Hujambo? Umekula?"

"Nimekula, babu."

Hakimu alimwacha kitukuu atoe ushahidi akiwa ameketi. Karani alimletea glasi ya maji, lakini vidole vya bibi yule havikukunjika, vilinyooka tu vikielekea nyuma, ikabidi Mama Shaka amshikie glasi. Alikunywa amefumba macho. Alipomaliza alilamba ukingo wa glasi bila aibu.

"Haya ni ya chemchemi za mlimani?"

"Ndiyo," Mama Shaka akasema.

"Na mnayanywa hivihivi tu?"

"Hivihivi."

Kitukuu akaomba nyingine. Baada ya hapo akaeleza, bila kutia chumvi, kwa lugha ya mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Turubai lilitoboka baba yake alipokuwa mtoto. Hakuna aliyejua, kwa kuwa maji hayakubadilika rangi wala ladha. Watoto walichelewa kutembea, watu wakasema ni watoto wa siku hizi, wamedekezwa. Wakachelewa kusema, watu wakalaumu wazazi. Hadi wanakuja kujua, chemchemi zote zilikuwa zimeingiliwa, na wao wakaanza kununua maji kutoka mbali, wakizungushia zile chemchemi senyenge. Yeye alikua akizisikia zikitiririka nyuma ya senyenge, sumu ikiwa imeshamwingia tangu tumboni mwa mama yake.

"Nilizaa watatu," akasema. "Walikuwa wazuri wa sura, wanacheka vizuri. Hakuna aliyefika kuniita mama."

Ndoo ya karani iliendelea kupokea matone. Mwenye kuku alijifuta macho kwa kanga. Huko barazani wale wazee wengine walikuwa wamerudi bombani tena, wanakunywa kwa zamu, wanapisha mwenzao kwa adabu, na kila aliyemaliza alikwenda nyuma ya foleni.

Mama Shaka alisimama wima. Hakuwahi kusimama vizuri vile maishani mwake. Joho lilikuwa bichi, viatu vilikuwa vya kuazima, na bado mtu angemtazama angedhani jengo lile limejengwa kumzunguka yeye. "Mheshimiwa," akasema, "katika kesi nyingine zote shaka ni mali ya mshtakiwa, na ni haki yake. Nimeilinda haki hiyo miaka yangu yote. Lakini katika kifungu hiki shaka si yake. Ni ya yule atakayekunywa. Aliyelichimba shimo ndiye anayepaswa kulala usingizi wa wasiwasi, si mtoto."

Alikuwa ameshinda. Hata wakili wa utetezi alikiri baadaye kwamba hapo alikuwa ameshinda, na kama angeketi, meneja angetiwa hatiani na shimo lingefukuliwa kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Lakini mwendesha mashtaka ana mazoea ya kazi yake, kama kinyozi anavyotazama vichwa vya watu hata msibani. Hamalizi na shahidi bila kuuliza swali la mwisho. Mama Shaka akamgeukia kitukuu, na swali likatoka lenyewe.

"Shahidi, una shaka yoyote kwamba yote haya yalitokana na shimo lile?"

"Hata chembe," kitukuu akajibu. "Nina hakika kabisa."

Mama Shaka alibaki mdomo wazi. Wakili wa utetezi aliinuka polepole, akafunga kifungo cha koti.

"Sina swali kwa shahidi," akasema. "Namwamini kwa kila neno, na nampa pole. Nina hoja moja ndogo tu."

Hakimu aliahirisha hadi baada ya chakula.

Katika mapumziko yale, meneja na kitukuu walikaa pamoja kwenye benchi chini ya dirisha. Askari wa mahakama aliwaachia nafasi, ingawa sheria inamtaka asimame karibu na mshtakiwa. Meneja alimmenyea ndizi na kumlisha vipande vidogo kwa sababu ya vile vidole.

"Mnanikumbuka huko?" akamwuliza.

"Picha yako iko sebuleni, babu. Ile ya suti ya kijivu."

"Na wanasemaje juu yangu?"

"Wanasema ulikuwa mtu mpole. Hukuwahi kumpandishia mfanyakazi sauti, na ulisomesha watoto wa ndugu zako wote."

Ilikuwa kweli. Meneja alikuwa mtu mwema, na kila aliyemfahamu angeapa hivyo. Alilia pale kwenye benchi, hakujificha, miwani mkononi. Kisha akaenda kumtafuta wakili wake, akamkuta ananawa mikono.

"Naomba tulifukue lile shimo," akasema. "Leo hii. Sitaki hata kusubiri hukumu."

"Ukilifukua kabla ya hukumu, umekiri," wakili akamjibu, akitafuta pa kujifutia.

"Basi baada ya hukumu."

"Baada ya hukumu wataanza kujiuliza kwa nini umelifukua kama hukuwa na kosa. Wanakufungulia kesi nyingine. Mzee, mimi nakushauri kama ndugu. Kilicho chini kiache chini."

Meneja alisimama pale akifikiri. Alifikiria wafanyakazi wake, na wenye hisa, na watoto wake wenyewe ambao bado walikuwa shuleni. Mmoja wao ndiye babu wa yule bibi. Naye hakuwa mtu wa kugombana na wataalamu.

Hakimu alirudi amenawa uso. Alisoma uamuzi wake akitazama karatasi muda wote. Alianza kwa kumsifu mwendesha mashtaka, akasema kwamba katika muda wake wote kazini hajaona mtu aliyeisimamia kesi kwa moyo mweupe namna hiyo. Mawakili waliokuwa wamejazana mlangoni, walewale waliompa jina la utani, waliitikia kwa vichwa. Akasema pia kwamba anamwamini shahidi, kila alichosema, pamoja na watoto wale watatu, na kwamba ataomba wote wasimame kidogo kwa heshima yao. Watu wakasimama. Wakaketi.

Kisha akaendelea. Kifungu cha tahadhari kinahusu mahali penye shaka. Shaka hiyo ilikuwepo hadi asubuhi ya leo, lakini shahidi ameiondoa yote, tena kwa kuulizwa na upande wa mashtaka wenyewe. Pasipo na shaka, kifungu hicho hakina kazi. Kilichobaki ni kifungu cha madhara, ambacho kinamtaka mtu aliyekwisha kudhurika. Na kuhusu hilo, mahakama hii ilishaamua mapema, bila pingamizi la yeyote, kwamba shahidi hajazaliwa.

"Mshtakiwa yuko huru," hakimu akasema. "Upande wa mashtaka unaweza kurudi siku madhara yatakapotokea."

Hapo ndipo alipoinua macho. Yalikuwa mekundu. Karani alisimama, akatangaza kesi ya kuku.

Mama Shaka alikusanya vitu vyake taratibu. Alipotoka barazani wale wazee walikuwa wanaondoka, mikono wameiweka mgongoni, wanajadili uamuzi kama watu wanavyojadili mechi waliyofungwa kwa penalti. Hakuna aliyekuwa na hasira naye. Kitukuu alimsubiri kwenye ngazi.

"Nimekuangusha," Mama Shaka akasema. "Nisamehe, bibi. Nilikuhurumia magoti, nikakubali lile la salamu. Halafu nikauliza swali la kijinga."

"Ungeacha nisimame?"

"Hapana."

"Basi usijitese." Kitukuu alimgusa joho kwa nyuma ya kiganja. "Huko kwetu, bibi, sisi tulidhani hakuna aliyejua. Tulidhani mlikuwa hamjui, tukawasamehe. Au kwamba mlijua na hamkujali, na hilo lilituuma zaidi. Hakuna aliyetuambia kwamba kuna mtu alipanda mlima. Sasa mimi nitawaambia, nikifika tu, kabla sijavua hata viatu."

Mama Shaka akamwinamia. Kitukuu naye akakunja goti. Safari hii hakuna aliyebisha ni nani amwamkie mwenzake, wakashikana mikono na kulia kidogo, wakubwa wote wawili. Kisha Mama Shaka akarudi ndani kuomba nakala ya uamuzi, kwa sababu rufaa ilitakiwa iwasilishwe kabla ofisi hazijafungwa na karani alikuwa mgumu kwa mashine ya kunakili. Rufaa hiyo ilisikilizwa, ikakataliwa, akakata nyingine. Mpaka anastaafu alikuwa bado anaandika, na mawakili wapya walipofika mjini walionyeshwa dirisha lake kutoka barabarani.

Meneja alimsindikiza kitukuu wake. Alimshika kwapa, akambebea mkongojo pale ambapo palikuwa na kuta za kushika, akavua koti lake mwenyewe na kumfunika mabegani kwa kuwa manyunyu yalikuwa yameanza tena. Kitukuu alipojiona ndani ya koti la babu yake alicheka, akasema linanuka kama sebule ya kwao. Walitembea hivyo hadi penye barabara kuu. Barabara ilikuwa imechimbika, na mbele yao palikuwa na dimbwi kubwa la maji ya udongo.

Lori la kiwanda lilikuja kutoka upande wa chini, limejaa, limefunikwa na kufungwa vizuri kwa kamba. Dereva alimwona bosi wake amesimama na bibi kizee kando ya dimbwi. Hakujua kama angewarushia tope au la. Hata hivyo alikanyaga breki tangu mbali, akabana upande wa pili mpaka magurudumu yakagusa majani, akapita kwa mwendo wa mtu anayetembea.

"Kijana mwangalifu sana huyu," meneja akasema. "Sijawahi kujuta kumwajiri."

Kitukuu alikuwa amelelewa vizuri. Aliuinua mkono wenye vidole visivyokunjika, akampungia dereva kumshukuru, na dereva akapiga honi kidogo, akabadilisha gia, akashika njia ya mlimani.